UZI: Tuligusa hifadhi ya kiotomatiki ya picha zilizorendwa, watumiaji wakaja juu

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wanajukwaa, habari za jioni.

Nimeona niweke hapa jambo lililotupata kwenye timu yetu ya watu watatu, kwa sababu najua humu wamo wasanidi programu wengi, na wamo pia watu wanaoishi kwa kurenda, yaani wale wanaounda nyumba, samani, bidhaa na katuni kwa programu za pande tatu kisha wakaiachia kompyuta ipige hesabu za mwanga mpaka itoe picha ya mwisho. Sisi tunatunza programu-jalizi ndogo, yaani nyongeza, ya Blender, mojawapo ya programu hizo za pande tatu. Kazi yake ni moja tu: picha ikimaliza kurendwa, ijihifadhi yenyewe kwenye diski bila mtumiaji kubonyeza chochote.

Kwa asiyetumia Blender, nieleze kwanza kwa nini kitu hicho kinahitajika. Blender ina hifadhi yake ya kiotomatiki, ambayo usipoigusa hufanya kazi kila baada ya dakika 2, lakini kinachohifadhiwa pale ni faili la mradi, si picha. Ukibonyeza F12 ukarenda picha moja, matokeo hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta na hubaki humo mpaka wewe mwenyewe uende kuyahifadhi. Umeme ukikatika, au programu ikijifunga ghafla, picha imekwenda. Ukirenda katuni kwa Ctrl na F12 mambo ni tofauti, kwa kuwa fremu huandikwa kwenye diski kila inapokamilika. Watu wengi huchanganya hifadhi hizi mbili, na huja kujua tofauti yake siku waliyopoteza kazi ya saa tatu.

Programu-jalizi yetu ilikuwa ikiweka kila picha kama PNG, kwenye folda iliyo pembeni ya faili la mradi, kwa jina la mradi na namba. Ilikaa hivyo kwa muda mrefu. Malalamiko yaliyokuwa yakitufikia wakati huo yalikuwa mawili: kwamba diski hujaa, maana kila jaribio linahifadhiwa, hata lile la kupima kivuli tu, na kwamba PNG hupoteza taarifa za mwanga ambazo mtu angezihitaji baadaye wakati wa kuhariri. Tukaona tuyatibu yote mawili kwa mpigo. Toleo jipya likawa linahifadhi kwa EXR, aina ya faili inayotunza taarifa hizo za mwanga, badala ya PNG, na likawa linabakiza picha 20 za mwisho tu kwa kila mradi, zile za zamani zaidi linazifuta. Tuliyaandika hayo kwenye orodha ya mabadiliko, mstari wa nne na wa tano, tukalitoa toleo Ijumaa jioni, tukaenda nyumbani.

Jumapili saa tano usiku ukaingia ujumbe wa dada mmoja anayebuni mapambo ya ndani ya nyumba. Kwa wiki nzima alikuwa akimrendea mteja wake sebule: sofa ileile, dirisha lilelile, ukuta ukibadilishwa rangi na taa zikisogezwa. Mteja alikuwa akitumiwa nakala ndogo kwenye simu, na siku hiyo akasema anaitaka namba 7, ile yenye ukuta wa kijani cha majani ya mwarobaini na mwanga wa asubuhi ukipita sakafuni. Dada akafungua folda aichukue ile yenye ukubwa kamili. Folda ilianzia namba 15. Alikuwa amefika namba 34, kwa hiyo baada ya kupokea toleo jipya programu yetu ilikuwa imeshazifuta 14 za mwanzo, na mpangilio wa taa wa namba 7 hakuwa ameuweka popote kwa sababu aliamini picha ipo. Kuirenda upya kulimchukua saa 3 na dakika 40, na hata hivyo mwanga ule haukurudi vilevile.

Kabla sijauona ujumbe wake, mmoja wetu alikuwa ameshamjibu: “Mabadiliko haya yameelezwa kwenye orodha ya mabadiliko ya toleo.” Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini lilimuumiza kuliko kufutwa kwa picha zenyewe, na aliniambia hivyo nilipompigia simu kesho yake asubuhi. Kufikia Jumatatu mchana ujumbe ulikuwa unamiminika, mwingi wake ukiwa na maneno yaleyale: irudisheni kama zamani.

Naomba tulijadili hili. Mnaposhughulikia maoni ya watumiaji juu ya badiliko linalogusa kazi ambayo wameshaihifadhi, mnaanzia wapi?

Mchangiaji wa 2, Mombasa

Asante kwa kuliweka wazi, ndugu yangu. Mimi si msanidi, narenda majengo, na nilikuwa mmoja wa walioandika hayo maneno ya “irudisheni kama zamani”, kwa hiyo nadhani ninadaiwa maelezo.

Orodha ya mabadiliko siisomi. Programu ikiniambia lipo toleo jipya ninalipokea kwa kuwa nina kazi ya kesho na nataka iende vizuri. Nilichokizoea ni kwamba picha zipo pembeni ya mradi na kwamba ni PNG. Mteja wangu mkubwa yuko Muscat, naye hutaka kuona kazi ya siku kabla ya magharibi. Mimi hufungua folda, naichukua PNG, namtumia kwa WhatsApp, basi. Siku hiyo nikamtumia EXR bila kutazama, akanijibu kwamba simu yake haifungui kitu. Nikaigeuza kwa programu nyingine, rangi zikatoka tofauti na nilizokuwa nikiziona ndani ya Blender: kuta nyeupe zimeungua, vivuli vimekuwa vizito. Nikaamini kadi ya michoro imeharibika. Siku nzima nilikuwa nikihangaika na kadi, nikaifungua, nikaisafisha, nikabadilisha na kiendeshi chake, wakati tatizo lilikuwa kwenye mstari wa nne wa orodha yenu.

Kwa hiyo niliposema “irudisheni”, sikuwa na maana kwamba EXR ni mbaya. Nilitaka kujua kazi yangu iko wapi na iko katika hali gani, kama nilivyokuwa nikijua wiki iliyotangulia.

Mwanzisha uzi

Pole sana kwa siku hiyo. Maelezo yako ya rangi yanafanana na ya watu wengine kadhaa, na sisi tulichelewa kuyaelewa.

EXR huhifadhi namba za mwanga kama zilivyopigiwa hesabu, kabla ya ule mgeuzo unaozifanya ziwe rangi za kutazamwa kwenye skrini. Kwa Blender mgeuzo wa msingi ulikuwa Filmic kuanzia toleo la 2.80, kisha ukawa AgX kuanzia toleo la 4.0. PNG huandikwa baada ya mgeuzo huo, kwa hiyo unachokiona ndani ndicho kinachofika kwa mteja. EXR ikifunguliwa na programu isiyoujua mgeuzo huo, rangi lazima zitofautiane, na hakuna kilichoharibika. Lakini mtu ambaye hakuombwa ruhusa ya kubadilishiwa aina ya faili hana sababu ya kuyawaza hayo.

Nieleze tulivyoyachambua maoni. Siku mbili za kwanza tulikuwa tukiyahesabu kwa kundi: wanaotaka zamani, wanaokubali jipya. Hesabu hiyo haikutufundisha chochote. Siku ya tatu tukaiacha, tukafungua jedwali lenye safu nne kwa kila ujumbe: mtu alikuwa anafanya kazi gani, alitegemea nini kitokee, nini kikatokea, na alipoteza nini. Palipokuwa na pengo hatukukisia, tulimwandikia mwenyewe tukamwuliza. Ndipo maneno yaleyale ya “irudisheni kama zamani” yakagawanyika mbele ya macho yetu. Wapo waliopotelewa na picha, na hao walikuwa wachache, lakini uzito wao haulingani na wa wengine. Wapo waliokuwa kama wewe, ambao mkondo wao wa kazi ulikatika kwenye hatua ya kumtumia mteja. Na wapo waliosema programu imekuwa nzito, ambao mwanzoni hatukuwaamini hata kidogo kwa sababu hatukuwa tumegusa urendaji wenyewe.

Hao wa mwisho ndio walionifundisha zaidi. Picha ya 1920 kwa 1080 yenye mikondo minne (rangi tatu na uwazi) ya biti 16 ni kama megabaiti 16.6 kabla ya kubanwa, na ukipanda hadi 3840 kwa 2160 kwa biti 32 unafika megabaiti 132 na ushee. Kwenye diski ya ndani iliyo ya kasi huwezi kuona tofauti. Lakini wengi wetu hufanyia kazi kwenye diski ya nje, tena ya kizamani, na programu yetu huandika picha kwenye mkondo uleule wa kazi ndani ya kompyuta (thread) unaoendesha dirisha la Blender. Mpaka iishe kuandika, dirisha limeganda. Mtumiaji anaona picha imefika mwisho, kisha kila kitu kimesimama. Kusema “imekuwa nzito” ilikuwa taarifa sahihi kabisa. Sisi ndio tulioitafuta kwenye urendaji, mahali ambapo haikuwepo.

Na jambo la kuumiza ni kwamba tulikuwa tumeahidi kupunguza kujaa kwa diski.

Mchangiaji wa 3, Nairobi

Ningependa kuongeza historia kidogo, kwa kuwa msiba huu umewapata wakubwa pia, na namna walivyoupokea inatofautiana.

Mwaka 2011 Apple walitoa OS X Lion iliyokuja na hifadhi ya kiotomatiki na matoleo ya faili, na katika programu zilizofuata mtindo huo amri ya “hifadhi kama” ikaondolewa, mahali pake pakawekwa “fanya nakala”. Watu waliozoea kufungua barua ya zamani, kuibadilisha kisha kuihifadhi kwa jina jipya wakajikuta hawana njia waliyoijua. Mwaka uliofuata, kwenye Mountain Lion, amri ile ikarudi, ila ikawa imefichwa nyuma ya kitufe cha Option. Microsoft nao walipoingiza hifadhi ya kiotomatiki kwa mafaili yaliyoko kwenye wingu mwaka 2017, desturi ileile ikagongwa: unafungua ripoti ya mwezi uliopita uifanye kiolezo, na kabla hujafika kwenye kuipa jina jipya, ile ya zamani imeshabadilika.

Kwa wachora picha, mwaka 2021 Photoshop 22.4 iligawanya amri ya kuhifadhi, hivi kwamba JPEG ikahamia kwenye “hifadhi nakala”. Kelele zilikuwa kubwa, na katika toleo la 22.4.2 wakaongeza chaguo kwenye mapendeleo linalorudisha utaratibu wa awali kwa anayeutaka.

Ninavyoona mimi, waliokaa vizuri na watumiaji wao ni wale waliorudisha njia ya zamani kama chaguo, bila kulificha na bila kumlazimisha mtu abishane kwanza.

Mchangiaji wa 4, Mwanza

Mkuu, nakubaliana na historia yako lakini umeacha mfano mmoja unaokwenda kinyume. GIMP 2.8, programu ya kuhariri picha, ilipotoka Mei 2012, amri ya kuhifadhi ikawa inahifadhi XCF pekee, yaani aina ya faili ya GIMP yenyewe inayotunza tabaka zote, na ukitaka JPEG au PNG ni lazima utumie amri ya kuhamisha nje. Watu walilalamika kwa miaka. Wasanidi hawakurudi nyuma, na leo wengi wa wanaotumia GIMP hawaoni ajabu yoyote, kwa sababu badiliko lile liliwazuia kufunga picha yenye tabaka kumi wakidhani wameihifadhi kumbe wamebaki na JPEG bapa.

Nahofia ushauri unaotolewa hapa utawafanya wasanidi wadogo waogope kubadilisha chochote. Kila chaguo mnaloongeza ili kuwaridhisha waliokasirika ni njia nyingine ya kupimwa katika kila toleo, na timu ya watu watatu haina mikono ya kupima njia nane. Mtumiaji hukasirika leo, baada ya wiki mbili amezoea. Ingekuwa mimi, ningeomba radhi kwa kufuta, ningeondoa ufutaji, na EXR ningeiacha ilipo.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni nzito, na nimeifikiria kabla ya kuandika hapa, kwa sababu mmoja wetu alikuwa na msimamo huohuo na tulibishana naye mpaka usiku.

Tofauti ninayoiona ni hii. GIMP walibadilisha amri ambayo mtumiaji anaibonyeza mwenyewe. Akiibonyeza, mara ileile anakutana na dirisha jipya, anakasirika, lakini anajua kuna kitu kimebadilika, na lililo muhimu zaidi, hakuna faili lake la jana lililoguswa. Hifadhi ya kiotomatiki haibonyezwi. Mtumiaji ameikabidhi kazi kisha akaacha kuitazama, na hilo ndilo alilokuwa akilitaka tangu mwanzo. Ukiibadilisha kimya hatajua siku hiyo. Atajua siku anapoihitaji picha, na siku hiyo huwa ni siku ya kukabidhi kazi. Hoja ya wiki mbili za mazoea haifanyi kazi hapa, kwa kuwa mtu hawezi kuzoea kitu asichokiona.

Kwa hiyo msimamo tuliofikia ni kwamba mtu ambaye tayari ana picha kwenye diski haguswi. Mradi wake wa zamani unaendelea kuhifadhi kwa aina ileile, kwenye folda ileile, bila kikomo, hata kama sisi tunaamini tuna njia bora. Miradi mipya ndiyo inayoulizwa, tena mara moja tu, picha ya kwanza inapomaliza kurendwa. Blender wenyewe walitupa mfano walipotoa 2.80 Julai 2019: baada ya miaka mingi ya kuchagua vitu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, walihamia cha kushoto, lakini kwenye skrini ya kwanza kabisa wakaweka swali unataka kuchagua kwa kitufe kipi, pamoja na nafasi ya kuchukua mipangilio ya toleo ulilotoka nalo.

Kuhusu mzigo wa kupima, umesema kweli, nasi tumeupunguza kwa kukataa baadhi ya maombi. Wapo walioomba JPEG, wapo walioomba jina la faili lenye saa, tarehe na idadi ya sampuli, wapo walioomba picha itumwe moja kwa moja kwenye wingu. Tumewajibu wote, kila mmoja kwa jina lake, kwamba hatutafanya na kwa nini. Nimeona kwamba mtu akiambiwa “hapana” yenye sababu huendelea kuzungumza nawe, lakini ukimnyamazia haandiki tena, hata siku ambayo amegundua hitilafu ya kweli.

Mchangiaji wa 5, Dodoma

Samahani kwa swali la mwanafunzi. Mimi hurenda katuni fupi na huwa nachagua itoke moja kwa moja kuwa MP4. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku, nikaamka nikakuta faili lipo, lina ukubwa wake, lakini halifunguki. Je, programu-jalizi yenu ingeniokoa?

Mwanzisha uzi

Isingekuokoa, mdogo wangu, na usiombe radhi, kwa sababu swali hili tuliulizwa na wengi kiasi kwamba tumeliandikia maelezo ndani ya programu yenyewe. MP4 ya kawaida huandika mwishoni kabisa ile sehemu inayomwambia kichezaji kila fremu iko wapi. Kazi ikikatika katikati, data ya picha ipo lakini ramani yake haijaandikwa, ndiyo maana faili lina ukubwa na halifunguki.

Renda fremu mojamoja kuwa PNG, kisha uziunganishe kuwa video baadaye. Tangazo la sekunde 30 kwa fremu 24 kwa sekunde ni fremu 720. Kila moja ikichukua dakika 4, hiyo ni kazi ya saa 48, na huwezi kuuwekea dau umeme wa siku mbili. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 511 unazo 510 mkononi. Kwenye mipangilio ya matokeo ondoa tiki kwenye kisanduku cha kuandika juu ya mafaili yaliyopo, na ukianza tena Blender itaziruka zile zilizokwisha. Tazama kwanza hiyo ya mwisho, isije ikawa iliandikwa nusu; ikiwa nusu ifute kabla hujaendelea. Kisha angalia folda ya kutolea, kwa kuwa kwa miaka mingi njia ya msingi ya Blender imekuwa /tmp/, yaani folda ya vitu vya muda, na kwenye mifumo mingi ya Linux vilivyomo humo vinaweza kufutwa kompyuta inapowashwa upya.

Mchangiaji wa 6, Arusha

Mimi nashughulikia maoni ya wateja kwenye programu ya aina nyingine, na nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini msikusanye takwimu za matumizi? Mngejua mapema kwamba watu wana picha zaidi ya 20 kwa kila mradi, na ufutaji ule usingepita. La pili, mlimfanyia nini yule dada?

Mwanzisha uzi

La kwanza: tulilijadili tukalikataa. Tangu Blender 4.2 ya Julai 2024, programu-jalizi zinazowekwa kwenye jukwaa lao rasmi hutangaza ruhusa zinazohitaji na sababu yake, na yetu inaomba ruhusa ya mafaili tu. Kuongeza ruhusa ya mtandao kwa ajili ya kuhesabu picha za watu, mara baada ya kuwafutia picha hizo, kungekuwa ni kuwaomba imani ambayo tumetoka kuivunja. Tena tulichohitaji kukijua kilikuwa kinajulikana kwa kuuliza. Tungewaandikia watumiaji kumi tu, “picha ngapi ziko kwenye folda yako sasa hivi, na ya zamani kabisa unaihitaji?”, jibu lingepatikana jioni ileile. Hatukuuliza kwa sababu tulikuwa na hakika.

La pili: nilimpigia, nikamwomba radhi kwa picha na kwa lile jibu, kila kimoja peke yake, bila kumtajia mstari wa nne wala wa tano. Tulimrendea sebule yake kwenye mashine yetu iliyo ya kasi ili aipate asubuhi. Baadaye nikamwuliza kama angekubali kulijaribu toleo jipya kabla halijatoka, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba neno “futa” lisiwepo mahali popote. Halipo. Diski ikibakiza nafasi ndogo, programu inakuonyesha folda zilizo kubwa na kukuachia wewe. PNG ndiyo chaguo-msingi tena, na anayetaka EXR anaipata pembeni yake, si badala yake. Kila picha sasa huandikwa kwanza kwa jina la muda, ikikamilika ndipo inapewa jina lake, ili umeme ukikatika katikati usikute faili nusu linalojifanya zima. Na mradi ambao haujahifadhiwa bado, ambao hauna “pembeni” ya kuwekea folda, picha zake zinakwenda mahali panapotajwa wazi kwenye skrini.

Tunatarajia kulitoa Ijumaa ijayo, asubuhi safari hii, ili tuwepo.

Mchangiaji wa 2, Mombasa

Mimi pia ni mmoja wa wanaolijaribu, na kabla hamjalitoa naomba mtazame kitu kimoja. Folda yangu nimeielekeza kwenye diski ya nje. Jana mtoto aliuchomoa waya wakati picha ikiwa katikati ya kurendwa. Picha ilipomaliza nikaona maandishi “Imehifadhiwa”, lakini nilipoirudisha diski sikuikuta.

Mwanzisha uzi

Nimechomoa diski yangu hapa sasa hivi nikarenda mchemraba mmoja mtupu. Ni kama ulivyosema. Kosa linaandikwa kwenye konsoli, lile dirisha la ujumbe wa kiufundi, ambayo mtumiaji wa kawaida haifungui kabisa, na ujumbe wa “Imehifadhiwa” unatokea bila kukagua kama faili lipo kweli.

Toleo halitatoka Ijumaa. Tutaufanya ujumbe huo usitokee mpaka programu iwe imelifungua faili na kulisoma kutoka kwenye diski, na diski ikiwa haipo, picha iwekwe kwenye folda ya muda ya kompyuta, njia yake yote ikiandikwa kwa rangi nyekundu na isiondoke mpaka uibonyeze mwenyewe.

Mchangiaji wa 2, Mombasa

Na diski nikiirudisha, picha itahamia yenyewe kule ilikotakiwa kuwa?

Mwanzisha uzi

Hapana. Itabaki ilipo, na tutakuuliza.